Siku ya Kubadili Mashuka

Mbaruku ametandaza karatasi mbili mezani,
moja kaikandamiza kwa birika, nyingine kwa miwani yake,
maana feni yetu ikianza haichagui cha kupeperusha.

Ya kwanza: meli moja, usiku kumi na tisa,
Tanga, Ushelisheli, Nosibe, Ngazija,
kisha nyumbani, nyoka kauma mkia wake.
Ya pili: meli ileile, safari tatu fupi
zilizoshonwa ncha kwa ncha,
sita, sita, saba,
na kila kipande kikiisha inarudi hapahapa Tanga
iteremshe watu, ipakie wengine.

"Bei ni sawasawa," alisema Rehani wa wakala,
kijana mwenye kalamu tatu mfukoni, zote hazitoi wino.
"Ila, mama, za vipande mtarudia mambo.
Mara tatu mtavalishwa maboya mfundishwe kutozama,
mara tatu nahodha atawakaribisha kana kwamba hajawahi kuwaona,
na pilau ya Jumatatu ni pilau kila Jumatatu."

Mbaruku anataka ile ndefu.
Miaka thelathini na moja kiwanda cha saruji, Pongwe,
geti lilelile, vumbi lilelile kwenye kope,
na bado anaamini kitu kizuri
ni kile usichokikatiza.
"Sanduku tunafungua mara moja, Mwanahawa.
Watoto tunawaaga mara moja. Basi."

Mimi nilikuwa mkunga, Bombo.
Maisha yangu yamekatwakatwa kwa zamu.
Naijua ile saa ya asubuhi wodi inapokabidhiwa:
walioruhusiwa wanaondoka na vichanga na mabeseni,
mashuka yanavuliwa, magodoro yanafutwa kwa dawa,
na kwa dakika kumi hivi
vitanda vyote si vya mtu.
Nilikuwa nasimama pale makusudi.

Siku kama hiyo ndiyo ninayoitaka melini.
Wenzetu wanashuka, wanatuaga kwa majina waliyoyakosea,
sisi tumebaki, miguu juu ya kiti.
Au nitashuka nami, nipande bodaboda hadi Ngamiani,
nimwagilie mchaichai,
nimtazame paka,
nirudi kabla honi haijalia.

"Ukishashuka," ananiuliza, macho kwenye birika,
"utarudi?"

Swali hilo si la meli.

Watu wanatuhesabia miaka arobaini na miwili.
Hawakuwapo siku aliponiandikia talaka ya kwanza
nyuma ya risiti ya mifuko ya saruji,
nikaenda kukaa kwa kaka yangu Muheza,
na eda haijafika nusu akaja na kikapu cha machungwa
(machungwa, Muheza!)
akasema, nimekurejea.
Ya pili siisemi sana. Ilikuwa kwa mdomo, jikoni,
eda ikaisha yote, siku hadi siku,
ikabidi shehe upya, mahari upya:
cherehani ile pale, bado inashona.
Kwa hiyo hii tuliyomo ni ya tatu,
na ya tatu, kila mtu barabara yetu anajua,
ikivunjika haina gati la kurejea.

Ndiyo maana anaziogopa bandari, maskini.
Mimi nazipenda kwa sababu hiyohiyo.
Mara mbili nimesimama nchi kavu, sanduku mkononi,
ngazi imeshushwa, hakuna aliyenishika kiwiko,
nikapanda.
Kwenye safari isiyosimama
utajuaje kama umepanda
au umechelewa tu kushuka?

Sikumwambia. Nilimmiminia chai, ikapoa.

Leo Rehani amepiga simu, kicheko kimembana kooni:
mzee alifika ofisini kabla hawajafagia,
kalipia zile tatu.
Ila aligoma kuondoka mpaka iandikwe, tena kwa wino,
ikabidi waazime kalamu duka la jirani,
kwamba chumba ni kilekile mara zote tatu,
mia nne na kumi na mbili, wasituhamishe,
"na siku ya kubadili mashuka," kasema,
"ya kwetu wayaache."